Washairi wa zamani wa China walikuwa walevi tu? Jibu kwa dada aliyetaka kuacha kuwasoma

Dada mmoja kaniandikia swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Anasema amekuwa akisoma mashairi ya zamani ya Kichina kwa tafsiri, Tao Yuanming, Li Bai, Du Fu na wenzao, na kila akifungua ukurasa anakutana na pombe. Anaandika hivi: "Mwalimu, mimi nimelelewa na baba mlevi, najua harufu ya hicho kitu saa nane ya usiku, najua mama alivyokuwa anaficha hela ya unga. Sasa hawa wazee wanaheshimiwa miaka elfu na zaidi kwa kusifia kikombe. Walikuwa walevi waliojaliwa kalamu, au kuna kitu sikioni? Na kama nisiache kusoma, nianzie wapi?"

Dada yangu, kwanza pole kwa hayo ya nyumbani. Alafu nikwambie kwamba swali lako lina umri wa miaka 1500. Xiao Tong, aliyekuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Liang (501–531), alikusanya kazi za Tao Yuanming akaziandikia utangulizi, na mle ndani anasema wapo watu wanaotilia shaka mbona kila shairi la Tao lina pombe, ila yeye akiangalia anaona nia ya mzee haiko kwenye pombe, pombe ni alama tu aliyoacha njiani. Mimi nakubaliana naye nusu. Ile nusu nyingine ndiyo nataka tuongee mimi na wewe, maana watu wengi wanaofundisha mashairi haya wanaikwepa.

Tuanze na kinywaji chenyewe kwa sababu tafsiri nyingi zinapotosha hapahapa. Neno la Kichina ni jiu, na watafsiri wanaliweka "mvinyo" au "divai" kwa sababu wamepitia tafsiri za Kizungu, we ukisoma unaona zabibu na glasi yenye mguu mrefu. Sivyo kabisa. Jiu ya enzi hizo ni pombe ya nafaka, kaskazini nafaka ndogondogo za jamii ya uwele na ulezi, kusini mchele, kwahiyo kwa Kiswahili jina lake ni pombe tu, na mtu aliyewahi kuona mbege inachujwa Kilimanjaro yuko karibu zaidi na kikombe cha Tao kuliko mtu wa divai. Tofauti kubwa iko kwenye kianzio. Sisi tunaotesha nafaka, tunaianika, tunaisaga, ndiyo kimea, na kimea ndicho kinageuza wanga kuwa sukari. Wao walitengeneza kitu kinaitwa qu, yaani nafaka iliyosagwa ikalowanishwa ikafinyangwa kama vitofali, ikaachwa chumbani iote ukungu, na ule ukungu unafanya kazi ya kimea huku hamira iliyomo humohumo inageuza sukari kuwa kileo, kazi mbili kwa mpigo mmoja. Jia Sixie, ofisa wa karne ya 6, kaandika kwa kirefu namna za kutengeneza qu kwenye kitabu chake cha kilimo, na ukisoma unaona hiki kilikuwa kitu cha jikoni na shambani, cha kila nyumba yenye nafaka ya ziada. Divai ya zabibu walikuja kuifahamu vizuri zaidi baada ya jeshi la utawala wa Tang kuiteka Gaochang, ufalme mdogo wa jangwani upande wa magharibi, mwaka 640, na hata hapo ilibaki kitu cha anasa.

Haikuwa gongo. Ile pombe kali ya kuchemsha na kukusanya mvuke ilienea China baadaye sana, enzi za utawala wa Wamongolia karne ya 13 na 14, na Li Bai alikuwa ameshakufa miaka kama 500. Kwahiyo ukisoma kwamba fulani wa karne ya 3 alikunywa dou mbili, na dou ya wakati ule ni kama lita mbili, usipige picha ya lita nne za gongo. Ila lita nne ni lita nne, sitaki kukudanganya.

Sasa twende mahali penye uzito, karne ya 3, kwa wale wanaoitwa Wenye Hekima Saba wa Msitu wa Mianzi, kundi la wasomi na washairi saba. Ufalme wa Wei ulikuwa wa ukoo wa Cao kwa jina, lakini mwaka 249 Sima Yi alifanya mapinduzi, akaua wapinzani wake pamoja na koo zao nzima, na wasomi walikuwemo, mmoja wao He Yan, mwanafalsafa mkubwa wa kizazi kile. Mwaka 254 wakauawa wengine. Mwaka 260 akauawa mfalme mwenyewe, kijana, alipojaribu kuinuka dhidi yao. Fikiria sasa wewe ni msomi mwenye jina, watu wanasubiri useme uko upande gani, na kila jibu lina gharama, ukikubali jina lako linatumika kuhalalisha wauaji, ukikataa unakufa wewe na watoto wako, na kukaa kimya nako kunatafsiriwa.

Ruan Ji (210–263) ndiyo alikuwa humo. Sima Zhao, mtoto wa yule Sima Yi, alitaka kumuoza mwanawe binti wa Ruan Ji. Mwana mwenyewe ndiye huyo aliyekuja kuwa mfalme wa kwanza wa Jin, utawala uliochukua nafasi ya Wei. Historia rasmi ya Jin inasema Ruan Ji alilewa siku 60 mfululizo, ikawa hakuna namna ya kuongea naye, posa ikafa yenyewe. Miezi miwili mtu yuko chakari, anayetumwa kuja kuongea hapati wa kuongea naye. Kuna ofisa mwingine, Zhong Hui, alikuwa anamfuata mara kwa mara anamuuliza maoni yake kuhusu mambo ya serikali, na historia inasema wazi lengo lilikuwa jibu lolote atakalotoa, la ndiyo au la hapana, ligeuzwe kesi. Kila mara akamkuta kalewa. Hiyo ndiyo iliyomuokoa.

Mwenzake Ji Kang hakuwa na ngao hiyo. Yeye alisema mambo wazi, aliandika barua ya kukataa cheo ambayo mpaka leo watu wanaisoma, na mwisho akahukumiwa kifo akiwa hajafika hata miaka 40 au ndiyo kwanza anaifikia, wanafunzi 3000 wa chuo kikuu cha mfalme wakaomba aachiwe awafundishe, wakakataliwa. Siku ya kuuawa alitazama kivuli cha jua, akaomba kinanda chake cha nyuzi, qin, akapiga wimbo mmoja. Zhong Hui huyohuyo ndiye aliyemchongea.

Kwahiyo nikisoma kikombe cha Ruan Ji mimi naona mlango aliojifungia. Na ushahidi wangu mkubwa ni mashairi yake. Ameacha mfululizo wa mashairi 82, na humo ndani, huyu mtu anayesifika kwa kulewa kuliko wote, pombe inatajwa kwa nadra sana. Kinachojaa ni usiku, kukosa usingizi, ndege anayelia peke yake, hofu isiyotajwa jina. Pale pombe inapotokea anasema hivi (tafsiri ni yangu): "mbele ya pombe siwezi kusema, moyo umejaa uchungu." Mlevi wa kawaida, na wewe unamjua kuliko mimi, akinywa ndiyo anaongea. Huyu alikunywa ili asiongee.

Mama yake alipofariki alikuwa kwenye mchezo wa bao la kwao, yule anayecheza naye akataka waache, yeye akang'ang'ania mpaka wamalize. Alafu akanywa dou mbili, akapiga ukelele mmoja, akatapika damu. Watu wa desturi walimshutumu kwamba hakuomboleza inavyotakiwa. Mimi nikifika hapo kila mara natulia kwanza.

Pale Nanjing kuna ukuta wa matofali uliotoka kwenye kaburi la Xishanqiao, lilifukuliwa mwaka 1960, na umechorwa hawa saba pamoja na mzee mmoja wa hadithi za kale. Ukiusogelea unaona michoro ni mistari myembamba iliyoinuka juu ya tofali, picha moja imegawanywa kwenye matofali mengi kisha ikapangwa kama fumbo. Ruan Ji kaweka vidole mdomoni anapiga mluzi. Ji Kang yuko na qin yake, kidevu juu. Liu Ling kashika kikombe mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili kakichovya ndani ya pombe. Kinachonishika mimi ni miti. Wanaitwa kundi, lakini kati ya kila mtu na mwenzake kuna mti umesimama, kila mmoja kaketi kwenye nafasi yake.

Ila sasa nakuja kwenye ile nusu ambayo sikubaliani na Xiao Tong, na hapa ndipo swali lako lilipo.

Liu Ling. Huyu alikuwa anatembea na gari dogo lenye mtungi wa pombe na nyuma kuna mtumishi kabeba jembe, kamwambia nikifa nizike papohapo. Watu wanaipenda sana stori hiyo. Nyuma yake kuna fikra, kitabu cha mwanafalsafa Zhuangzi kilishaandika karne kadhaa kabla kwamba mlevi akianguka kwenye gari anaumia lakini hafi, kwa sababu hakujua amepanda wala hakujua ameanguka, hofu haikuingia kifuani mwake, na Liu Ling alitaka kuishi hivyo. Lakini ipo stori ya pili. Mke wake alimwaga pombe yote, akavunja vyombo, akamlilia, unakunywa kupita kiasi, hii siyo njia ya kuishi, lazima uache. Akajibu sawa, ila peke yangu siwezi, niandalie pombe na nyama niape mbele ya miungu. Mke akaandaa. Liu Ling akapiga magoti akaomba: Mbingu zimemzaa Liu Ling, pombe ndiyo jina lake, akinywa ni hu moja, na dou tano za kuzimua, maneno ya mwanamke yasisikilizwe kamwe. Hu moja ni dou kumi. Akala ile nyama akanywa ile pombe akalewa tena. Vitabu vinaihadithia kama kichekesho na watu wamecheka miaka 1700. Mimi nikiisoma naangalia yule mama aliyekusanya vyakula vya kafara kwa moyo wa matumaini, na nadhani wewe pia umeshamuona. Hatujaachiwa hata jina lake.

Na hawa wazee walijua. Hili ndilo lililonifanya niwaheshimu zaidi baada ya kuwasoma kwa muda. Ruan Ji alikuwa na mtoto wa kiume, Ruan Hun, ambaye alipokua akataka kuishi kama baba yake na wale wenzake. Ruan Ji akamkataza, akamwambia binamu yako keshaingia humu, wewe hapana. Ji Kang naye aliacha maandishi ya kumuusia mwanawe, na kati ya mambo anayomwambia ni hili: usilazimishe watu kunywa, mtu akikukaribisha pokea kikombe kwa adabu, ukianza kuona umechangamka acha, usifike mahali pa kulewa mpaka huwezi kujitawala. Huyu ndiye Ji Kang wa msitu wa mianzi! Yaani kwao wao ile haikuwa namna ya maisha ya kumrithisha mtoto, walijua ni kitu walichosukumiwa na wakati wao.

Tao Yuanming (alikufa 427) ni mgumu zaidi kumuweka sawa, nampenda na ananipa tabu. Ndiye aliyeacha kazi ya ukuu wa wilaya ya Pengze mwaka 405 baada ya siku 80 na kitu, akisema hawezi kupinda mgongo kwa ajili ya dou tano za mchele, akarudi kijijini kulima. Pombe kwake ni uhuru, ni majirani wanaokuja na mtungi chini ya msonobari, ni kitambaa cha kichwani anachokivua achuje nacho pombe alafu anakivaa tena. Na ni ngao vilevile kama ya Ruan Ji, maana ameishi wakati ufalme mmoja unapinduliwa na mwingine. Ana mfululizo wa mashairi 20 kuhusu kunywa, anasema mle ndani mambo mazito kuhusu dunia iliyoharibika, kisha la mwisho analifunga kwa kusema nasikitika tu nimekosea mengi, msameheni mtu aliyelewa. Umeona alichofanya? Kasema yote, alafu kamlaumu mtungi.

Lakini alipokuwa na lile shamba la ofisi kule Pengze aliamuru lipandwe lote nafaka ya kutengenezea pombe. Mke na watoto wakamuomba sana waweke mchele wa kula. Mwisho akakubali sehemu ndogo iwe ya mchele, kubwa ikabaki ya pombe. Mama yako angeielewa hiyo bila tafsiri.

Ana shairi kuhusu wanawe watano. Analalamika hakuna hata mmoja anayependa karatasi na kalamu, mkubwa ana miaka 16 na uvivu usio na mfano, wawili wana 13 hawajui sita na saba, mdogo anakaribia tisa anachotafuta ni mapeasi na njugu za mti wa chestnut, alafu anamalizia: kama ndivyo Mbingu zilivyopanga, basi nipe kilichomo kwenye kikombe. Wasomaji wengi wanasema anatania kwa mapenzi, na utani kweli umo, ila mtoto wa mlevi ana haki ya kuusoma mstari ule wa mwisho tofauti na mimi sitakusahihisha.

Na lipo lingine ambalo ningependa ulisome, linaitwa "Kuacha pombe", kila mstari una neno kuacha au kukoma ndani yake. Anasema: "Nikiacha jioni silali nikatulia, nikiacha asubuhi siwezi kuamka, kila siku nataka kuacha, mwili unakataa kukaa sawa." Leo daktari yeyote akisoma hiyo anajua anachokiangalia. Tao hakuwa na neno la kisasa la uraibu lakini kauandika kwa usahihi kabisa, mtu aliyejitazama bila kujionea haya. Kwahiyo Xiao Tong aliposema nia haiko kwenye pombe mimi nasema, mkuu, kwenye baadhi ya mashairi ndiyo, kwenye hili mwili wa mtu ulikuwa umeshakamatwa.

Li Bai (701–762) ndiye unayemjua zaidi. Shairi lake la kunywa peke yake chini ya mwezi wengi wanalisoma kama la furaha. Lisome tena taratibu: "Katikati ya maua, jagi moja la pombe, nakunywa mwenyewe, hakuna wa karibu nami, nainua kikombe namwalika mwezi, na kivuli changu, tumekuwa watatu." Huyo ni mtu mpweke anayehesabu kivuli ili wageni wafike watatu. Alikuwa ameitwa ikulu Chang'an mwaka 742 kwa matumaini makubwa ya kuwa mshauri, akaishia kuandika mashairi ya kuburudisha karamu, na mwaka 744 akawa nje. Ile stori kwamba alizama akijaribu kukumbatia mwezi kwenye maji ni hadithi tu, alikufa kwa ugonjwa Dangtu akiwa kwa ndugu yake.

Ila ninachotaka ukione wewe ni mistari minne aliyomuandikia mkewe. Inasema: "Siku mia tatu na sitini, kila siku nimelewa kama tope. Ingawa wewe ni mke wa Li Bai, una tofauti gani na mke wa Taichang?" Taichang ni cheo cha ofisa wa ibada, na anayetajwa ni Zhou Ze wa enzi za utawala wa kale wa Han aliyekuwa anafunga na kukaa hekaluni mwaka mzima, mkewe alipokwenda kumuangalia akaamuru akamatwe kwa kuvunja mwiko. Yaani Li Bai anamwambia mke wake, umeolewa na mtu asiyekuwepo. Wapo wanaoliita shairi la utani. Mimi naona kuna mtu aliyejua hasa anamfanyia nini mwenzake, akaiandika, kisha hakuacha. Yote matatu kwa pamoja.

Du Fu (712–770) nitapita haraka japo anastahili jibu zima peke yake. Alikunywa, aliweka nguo zake rehani kwa pombe, anakiri ana madeni ya vilabuni kila anakopita. Lakini ndiye pia aliyeandika mwaka 755 kwamba ndani ya milango myekundu, yaani nyumba za wakubwa, pombe na nyama vinanuka, njiani kuna mifupa ya waliokufa kwa baridi, na kwenye shairi hilohilo anafika nyumbani anasikia kilio, mwanawe mchanga kafa kwa njaa. Mtu huyo kwenye kikombe anaona na nafaka iliyokosekana kwa wengine.

Alafu kuna kundi ambalo linaigeuza picha yako yote, nalo ni wale waliosifia pombe na hawakuiweza. Ouyang Xiu (1007–1072) alishushwa cheo baada ya mageuzi ya serikali ya waziri Fan Zhongyan na wenzake kuanguka, akapelekwa Chuzhou. Mwaka 1046 aliandika kuhusu kibanda cha mlimani na kujiita Mzee Mlevi, akiwa hajafika hata miaka 40, na mwenyewe anasema anakunywa kidogo tu anachukuliwa. Ndipo alipoandika maneno ambayo kila Mchina anayajua: nia ya Mzee Mlevi haiko kwenye pombe, iko kwenye milima na maji. Yamekuwa msemo kabisa, leo mtu akijifanya anataka hiki kumbe anatafuta kile wanamwambia hivyo.

Na Su Shi (1037–1101), huyu nampenda kupita kiasi. Aliandika kwamba akinywa kutwa nzima haizidi he tano, ambayo ni karibu theluthi moja ya lita, na kwamba duniani hakuna mtu asiyejua kunywa kumzidi yeye. Lakini anapenda kuona wengine wanakunywa. Mgeni akiinua kikombe taratibu, anasema, kifua changu mimi kinapanuka, raha ninayoipata inampita yule anayekunywa. Kwahiyo nyumbani kwake pombe haikosekani. Alipokuwa uhamishoni Huangzhou alijaribu kutengeneza pombe ya asali mwenyewe, na kuna mwandishi aliyekuja baadaye anasema waliokunywa waliharisha. Mtu huyu ndiye mwenye shairi la mwaka 1076 linaloanza na kuinua kikombe na kuuliza anga la bluu mwezi ulianza kuwepo lini, alikuwa anamkumbuka mdogo wake ambaye hawajaonana miaka. Kikombe pale ni cha kuinua tu, kama sisi tunavyoinua mikono.

Kwakuwa wewe ni mwanamke niongeze Li Qingzhao, aliyezaliwa 1084, maana mara nyingi watu wanazungumza kana kwamba kikombe kilikuwa cha wanaume peke yao. Akiwa binti aliandika kuhusu jioni moja wamelewa hawajui njia ya kurudi, mtumbwi umeingia katikati ya mayungiyungi, wanapiga kasia kwa nguvu, kundi zima la ndege wa majini likaruka. Furaha tupu. Kisha mwaka 1127 Kaifeng, mji mkuu, ikaanguka mikononi mwa wavamizi wa kaskazini, wakakimbilia kusini, 1129 mumewe akafa, na kwenye shairi la baadaye anasema vikombe viwili vitatu vya pombe nyepesi vitaukinga vipi upepo mkali wa jioni. Yeye aliona mwisho wa nguvu ya kikombe, akausema kwa uwazi ambao kwa wanaume naupata mara chache.

Kwahiyo jibu langu kwako ni hili: baadhi walikuwa walevi kweli, na waliokaa nao waliumia, na wenyewe wameacha maandishi yanayokiri hivyo. Wengine walijificha nyuma ya ulevi kwa sababu nje kulikuwa na panga. Wengine walikuwa na kikombe mkononi na pombe haijafika hata nusu. Ukikutana na pombe kwenye shairi jiulize kikombe hiki kinafanya kazi gani hapa, kinaficha, kinaita rafiki, kinaomboleza, au kinakunywa mtu. Utashangaa jinsi wanavyotofautiana. Na likikuumiza lolote, liruke, hakuna anayekusimamia.

Umeuliza uanzie wapi. Usianze na Li Bai. Anza na Bai Juyi (772–846), shairi dogo la maneno 20 tu kwa Kichina, alimuandikia rafiki yake wa ukoo wa Liu. "Sisimizi wa kijani" anaowataja ni yale mapovu madogomadogo yanayoelea juu ya pombe mpya ambayo haijachujwa:

Sisimizi wa kijani juu ya pombe mpya,
jiko dogo la udongo mwekundu.
Jioni inaingia, anga linataka kushusha theluji:
utaweza kuja tunywe kikombe kimoja?

Lisome hilo polepole, kwa sauti kama unaweza. Jiko limewaka, mlango uko wazi kwa mgeni, na mpaka shairi linaisha hakuna aliyeonja hata tone.